Skuta tatu, kadi moja

Zamu yangu ya kupokea kwenye mchezo wetu wa kuchangiana pesa ilipofika mwaka juzi, nilishaamua: nanunua skuta. Sikutaka pikipiki ya gia. Mimi ni mwalimu, navaa sketi, na daftari za darasa zima zinataka mahali pa kukaa. Kwenye skuta zinakaa miguuni. Ninaishi Ilomba, hapa Mbeya, na shule ninayofundisha iko upande wa Uyole, kwa hiyo kila siku ni barabara kuu ileile ya malori yanayokwenda Tunduma, mpakani na Zambia.

Shemeji yangu anaendesha bodaboda, na ndiye aliyeniletea ya kwanza. Nyekundu, safi, laki saba tu. Nikaomba kadi ya usajili. Mwenye nayo akacheka: "Mwalimu, hii imetokea Tunduma. Kadi ya nini? Mjini hapa unapita vichochoroni tu." Nikamwangalia shemeji, naye akaangalia pembeni. Chombo kilichovuka mpaka bila ushuru hakisajiliki, na kisichosajiliwa hakipati hata bima ndogo. Nikigonga mtu Mwanjelwa naanzia wapi? Nikawaaga.

Hapo ndipo nilipoona nianze na maswali, skuta ifuate baadaye. Jumatatu niliomba ruhusa, nikaenda TRA, Mamlaka ya Mapato. Foleni ilikuwa ya kawaida, yaani ndefu. Dada wa dirishani alinieleza vizuri: kuhamisha umiliki kunataka kadi halisi, namba ya mlipakodi (TIN) yangu na ya muuzaji, vitambulisho vyetu, na mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri na wakili. Nikamuuliza na habari ya leseni, maana ya gari ninayo. Akasema haitoshi. Pikipiki ni daraja A, na zile ndogo zisizofika sentimita za ujazo 125 zina daraja lake, A1. Kumbe miaka yote nilikuwa najua leseni ni leseni! Nilijiandikisha mafunzo VETA, chuo cha ufundi, jioni ileile.

Shemeji naye alikuwa amenitisha kwamba lazima niende LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Hilo lilikwisha haraka: LATRA ni kwa anayebeba abiria kwa malipo, na mimi abiria wangu ni daftari.

Skuta ya pili nusura inipate. Ilikuwa Vespa ya zamani, rangi ya maziwa, imetunzwa kama harusi. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu, na Piaggio walianza kuziunda mwaka 1946. Hii haikuwa ya enzi hizo ila umbo ni lilelile. Kadi ilikuwepo, jina ni la muuzaji mwenyewe, sema namba ilianza na Z. Ilisajiliwa Zanzibar. Visiwani wana daftari lao la usajili, na huku Bara namba ya pikipiki ni MC. Nikarudi kwa dada yule wa dirishani. Akaniambia muuzaji akamalize kwanza mambo ya forodha, kisha ndiyo tuzungumze habari ya kuhamisha jina. Muuzaji aliposikia hivyo alianza kunipunguzia bei, na kila alivyopunguza ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Hata hivyo kilichoitoa moyoni mwangu kabisa ni moshi. Alipoiwasha, wingu la bluu lilijaa uani mpaka kuku wakakimbia. Ni injini ya stroki mbili, ile ambayo oili inaungua pamoja na petroli, na sehemu ya mchanganyiko mbichi inatoka kwenye ekzosi kabla haijaungua kabisa. Mimi huyu ninayewafundisha watoto uchafuzi wa hewa! Nilikuwa nimeshasoma kwamba tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007, na kwamba moshi wa vyombo vya moto nao umo. Kusema kweli, tangu nianze kuulizia, hakuna aliyeniambia nipeleke skuta ikapimwe moshi. Lakini trafiki ana macho, na wanafunzi wangu wanayo zaidi.

Ya tatu ilikuwa ya Kihindi, stroki nne, cc 110, imeletwa na kijana aliyehama kutoka Dar. Namba ya MC, kadi ya jina lake. Safari hii nilikwenda na fundi kutoka Soweto, mtaa wa hapahapa Mbeya. Alipiga magoti na tochi, akasoma namba ya chesi kwa sauti, mimi nikifuatisha kwenye kadi tarakimu moja moja, kisha namba ya injini. Zote zikakubali. Ila ilipowashwa ikatoa moshi mweusi, na kwenye kilima ikawa inakohoa kama mzee wa kahawa.

Nikataka kuondoka. Fundi akanishika mkono. "Subiri mwalimu. Hii si mbovu, ni ya pwani." Akachomoa plagi: nyeusi tii, kavu, imejaa masizi. Akaniuliza, eti hewa ya Mbeya na ya Dar ni sawa? Nikaona aibu, maana hilo swali ni langu. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; kanieneo ya hewa imeshuka karibu moja ya tano. Kabureta iliyopangwa Dar inaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, kwa hiyo mafuta yanazidi, hayaungui yote, yanatoka masizi. India kwenyewe skuta mpya zililazimika kufuata kiwango cha moshi cha Bharat Stage VI tangu Aprili 2020, na nyingi zikahamia mfumo wa sindano unaojipimia hewa wenyewe. Hii ya kwangu bado ni ya kabureta.

Alibadilisha jeti, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta, akaweka yenye tundu dogo zaidi, akasafisha chujio la hewa lililokuwa limejaa vumbi. Tukaenda nayo kilimani, tukarudi. Plagi ilipotoka mara ya pili ilikuwa rangi ya kahawa yenye maziwa, na kitambaa cheupe nilichokiweka nyuma ya ekzosi kilipata alama ya kijivu tu.

Tulikwenda kwa wakili siku hiyohiyo, halafu TRA. Bima ndogo nilikata kabla sijaitoa uani, na kofia ngumu nilinunua mbili kwa sababu mwanangu lazima atadandia. Kuiendesha barabarani nilisubiri mpaka leseni itoke. Kwa wiki kadhaa ilikaa sebuleni imefunikwa kanga, wageni wakiulizia.

Ile jeti ya zamani fundi alinifungia kwenye kipande cha gazeti. "Usiitupe. Ukihamishiwa Kyela, kule chini ziwani, utaihitaji." Iko kwenye kopo la chaki, pamoja na funguo ya akiba.