Mchezo ulio nyuma ya picha

"Mama, hawa wa nyuma wanacheza besiboli!"

Mwanangu ndiye aliyewaona kwanza. Mimi nilikuwa nawatazama askari walio mbele, kombania H ya Kikosi cha 48 cha New York, wamejipanga na bunduki zao, wamekaza nyuso kwa ajili ya mpiga picha. Hao ndio aliotaka kuwapiga. Lakini nyuma yao, kwenye uwanja huohuo wa ngome, wenzao walikuwa wakiendelea na mchezo wao, nao wakaingia kwenye picha. Ilipigwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kama mwaka 1862 au 1863, na inahesabiwa miongoni mwa picha za mwanzo kabisa zinazoonyesha besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kituo hadi kituo, ikichezwa.

Tulikuwa tumesimama palepale ilipopigwa, Fort Pulaski, kwenye kisiwa cha Cockspur, jimbo la Georgia, mto Savannah unapokaribia bahari. Mechi ya mwanangu ya Jumamosi iliahirishwa kwa mvua, na mchana jua lilipotoka nikaona tusikae ndani. Picha nilikuwa nayo kwenye simu. Tukaiinua juu, tukalinganisha matao ya matofali hadi tukapata upande aliosimama mpiga picha. Mwanangu ana miaka tisa. Akakimbia akaenda kusimama pale alipokadiria mrushaji alikuwa, akainua mkono.

Ngome ile ilijengwa kwa matofali takribani milioni 25, na mengi yalifyatuliwa na watumwa katika shamba la Hermitage, jirani na mji wa Savannah. Watu waliamini hakuna mzinga utakaoiangusha. Vita vilipoanza ilikuwa mikononi mwa Kusini, majimbo ya watumwa yaliyojitenga. Aprili 1862 jeshi la Kaskazini, la serikali ya Marekani, likaipiga kwa mizinga ya aina mpya, na kwa muda wa saa 30 hivi ukuta ukatoboka. Ngome ikasalimu amri tarehe 11. Siku mbili baadaye Jenerali David Hunter akatangaza kwamba watumwa wote waliokuwa ngomeni na kisiwani ni watu huru. Kwa hiyo ninapoitazama ile picha najiuliza ni wangapi kati ya watu hao walisimama kando siku ile, nje ya fremu, wakiutazama mchezo wa wageni kwenye uwanja uliozungukwa na matofali ya mikono ya watumwa kama wao.

Baada ya ngome kutekwa, kazi kubwa ya Kikosi cha 48, askari wa Kaskazini, ilikuwa kulinda na kungoja. Ndivyo kambi nyingi za vita ile zilivyokuwa: mapigano ya siku chache, kisha miezi ya gwaride, matope, kuhara na homa. Magonjwa yaliua askari wengi kuliko risasi. Wakacheza karata, dama, mieleka, mbio za miguu. Theluji ilipoanguka Virginia mapema mwaka 1863, maelfu ya askari wa Kusini walipigana kwa mabonge ya theluji, brigedi kwa brigedi, maofisa wakiwaongoza.

Lakini mimi moyo wangu uko kwenye mpira. Walikuwa wakifumua soksi kuukuu, wanazungusha nyuzi juu ya kipande cha mpira au kitu chochote kigumu, kisha wanashonea ngozi. Gongo lilikuwa ubao wa ua au tawi lililochongwa. Niliposoma habari za soksi nilisimama nikacheka peke yangu jikoni, maana mimi ni mtoto wa Tanga na mpira wetu wa rede ulikuwa soksi iliyojazwa matambara. Mmoja katikati, wawili pembeni wanamrushia, naye anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ukikupata, umekufa, toka.

Na kumbe watu wa Massachusetts walicheza besiboli yao hivyohivyo! Kanuni zao, zilizoandikwa mwaka 1858, zilimruhusu mchezaji kumlenga mkimbiaji kwa mpira. Ukimpata akiwa kati ya kituo na kituo, ametoka. Mpira wao ulikuwa laini, na vituo vilikuwa vigingi vya mbao vya futi nne. New York walikataza kumpiga mtu. Ukitaka kumtoa, upeleke mpira kituoni au umguse nao. Kwa kanuni hiyo mpira ungeweza kuwa mgumu na kuruka mbali zaidi. Mtindo wa New York ulikuwa umeanza kuenea kabla ya vita, na baada yake ukaufunika ule mwingine kabisa. Mimi nasikitika kidogo.

Kuna picha nyingine ninayoipenda, ya kuchorwa. Kapteni Otto Boetticher wa New York alitekwa mwaka 1862 akafungwa Salisbury, North Carolina, na mchoro wake uliochapishwa mwaka 1863 unaonyesha wafungwa wakicheza besiboli uwanjani, wengine wameketi wakitazama. Siupendi kwa sababu ya uzuri tu. Mwishoni mwa 1864 gereza lile lilijazwa watu wapatao 10,000, wakalala kwenye mashimo, wakafa kwa njaa na baridi. Nafasi ya kucheza haikuwapo tena.

Na wale wa Fort Pulaski? Jioni ya tarehe 18 Julai 1863, sehemu kubwa ya kikosi chao ilishambulia Fort Wagner, ngome ya Kusini karibu na Charleston, jioni ileile na Kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi. Kikosi cha 48 kilipoteza watu zaidi ya 200, waliouawa, waliojeruhiwa na wasioonekana tena. Walimwaga damu kwenye mchanga mmoja na wale weusi, na bado Desemba 1867 chama cha wachezaji wa besiboli kilizikataa klabu zenye watu weusi. Hili nilimweleza mwanangu ndani ya gari, polepole, kwa sababu yeye ndiye mtoto mweusi pekee kwenye timu yake. Alinyamaza hadi tulipofika nyumbani.

Jioni akaniletea soksi mbili. Tukazijaza matambara, tukashona, tukamwita binti wa jirani, nami nikawafundisha rede nyuma ya nyumba. Nikamlenga mwanangu nikampata mgongoni.

"Mama, hiyo si auti!"

Neno la utotoni lilinifika mdomoni, nikalirudisha.

"Umetoka," nikamwambia. "Njoo, sasa zamu yako kurusha."