Madumu Sita kwa Siku

Januari ya mwaka jana nilitoka uani saa nane mchana nikamkuta mbwa wetu kalala katikati ya mchicha. Si pembeni, katikati. Tumbo kaligandamiza kwenye udongo niliomwagilia jana yake, ulimi nje, macho nusu yamefumba. Mchicha ulikuwa na wiki mbili, umebakiza siku chache tu tuanze kuchuma. Niliokota fagio nikamfukuza, akanyanyuka taratibu kama mtu aliyeamshwa kwenye basi, akajikung'uta, akaenda kusimama kwenye kivuli cha mwembe akinitazama. Nilipoingia jikoni na kutoka tena, alikuwa amesharudi palepale.

Nyumbani kwetu ni kijijini Muheza, Tanga. Nilirudi kuishi na Mama baada ya miaka 11 ya Dar es Salaam. Nilifika Novemba, vuli inanyesha, kila kitu kijani hadi kwenye paa la banda la kuku, nikajiona mkulima. Nikapanda mchicha, bamia, matembele, pilipili mbuzi na miche 40 ya nyanya. Mama alikuwa akiniangalia tu kutoka barazani huku anachambua mchele.

"Ngoja kaskazi ianze," akasema. Hakuongeza neno.

Kaskazi ikaanza. Vuli ikishakatika, kuanzia Januari mpaka masika yaje mwezi wa tatu, huku kwetu jua linawaka kuanzia saa mbili asubuhi na usiku nao haupoi. Kisima ambacho Novemba nilichota kwa kamba fupi, katikati ya Januari niliunga kamba ya pili, na ndoo ilipanda na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiwahi alfajiri unapata madumu matatu yenye afadhali. Ukichelewa, unachota tope. Madumu mengine matatu nilikuwa naletewa na kijana wa bodaboda kwa shilingi 500 kila moja. Jumla madumu sita, lita 120, na hapo tuko watu watatu, yaani mimi, Mama na mtoto wa mdogo wangu wa darasa la tano, halafu kuku 19, bata watano, paka, mbwa, na bustani yangu ya kujivunia.

La kwanza nililofanya ni kung'oa nyanya. Iliniuma. Zilikuwa zimerefuka vizuri na zinatoa maua kila siku, lakini maua yote yalipukutika kabla ya kushika tunda. Joto la usiku ndilo linaloyaangusha, hata ukimwaga mto mzima. Nyanya za Lushoto zinashuka sokoni kutoka kwenye baridi ya milimani, sina sababu ya kushindana na milima. Bamia nazo hazikutingishika. Bamia ukiipa kopo moja la maji inakushukuru kwa matunda matatu.

Kisha tukaanza kuyatumia maji mara mbili. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye pilipili. Maji ya kusuuzia vyombo, yale ya mwisho yasiyo na sabuni, yanakwenda kwenye matembele. Bafu letu liko uani, limezungushiwa makuti, kwa hiyo nikachimba mfereji mdogo maji yake yaishie kwenye migomba miwili. Mtoto alifurahia mfereji kuliko mimi. Kwa wiki nzima alioga bila kuitwa, aone tu maji yakikimbia.

Lakini aliyenifundisha bustani hasa ni bibi wa jirani. Alipita siku moja kuomba mchaichai, akaniona namwagilia saa tatu asubuhi kwenye matuta ya kuinuka kama ya viazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unaoga jua?"

Akanieleza kwamba tuta la kuinuka ni la masika, linakimbiza maji. La kiangazi linashuka chini kama sinia ili kila tone libaki. Halafu akanituma nyuma ya nyumba yake nikachukue makumbi ya nazi. "Kumbi hili linakunywa kuliko walevi wa mnazi," akasema, "ila lenyewe linatunza."

Nikachimba upya. Kitanda kimoja kina urefu wa hatua nne na upana wa kunyoosha mkono, kina chake karibu kiwiko. Makumbi niliyalaza usiku kucha kwenye yale maji ya bafuni yakalowa mpaka ukiyaminya yanachuruzika. Nikayapanga chini ya shimo, upande wa ndani ukitazama juu, yamebanana. Juu yake udongo uliochanganywa na mavi ya kuku yaliyokaa miezi na kuoza, maana mabichi yanaunguza mizizi. Baada ya kupanda, nikatandaza majani makavu ya mgomba, na juu kabisa makuti kwenye nguzo za kimo cha kiuno, yameinamia magharibi kwa sababu jua la alasiri ndilo katili. Kumwagilia ni jioni, magharibi ikikaribia, kwa kopo la maziwa nililolitoboa matundu kwa msumari. Kesho yake saa kumi alasiri nikafunua majani, nikachomeka kidole. Juu kukavu, lakini kidole kilipozama mpaka kiungo cha pili kilikutana na ubaridi. Nilimwita Mama aje achomeke chake. Hakuja, ila alicheka.

Sasa hapo ndipo kesi ya mbwa ilipozaliwa.

Anaitwa Hayakuhusu. Jina kampa marehemu baba, kwa mtindo wa watu wa pwani wa kumpa mbwa jina ili jirani asikie. Jirani gani na kwa lipi sijawahi kuambiwa. Ninachojua ni kwamba kila jioni Mama husimama mlangoni akapaza sauti, "Hayakuhusu! Hayakuhusu we!", na wapita njia wasiotujua huongeza mwendo.

Nilipomaliza vitanda vyangu vya makumbi, Hayakuhusu alihamia humo. Kuku nao wakaingia, wanachakura majani ya mgomba wanayatupa nyuma kama wanaofagia. Paka akafanya kitalu cha miche kuwa choo chake. Bata walikuja kwa mstari, wakachomeka midomo kwenye udongo laini wakautoboa matundu. Nikajenga uzio wa fito. Kuku wakaruka, mbwa akachimba chini yake. Nikaongeza miiba. Mbwa akachimba mahali pengine. Wiki mbili nzima kazi yangu ilikuwa kutupa vijiti na kupiga kelele, na jioni koo linaniuma kama nimetoka kwenye mpira.

Jibu lilikuja siku niliyokuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kunyanyuka. Nilikaa chini ya mwembe nikawatazama tu. Hayakuhusu hakuwa anatafuta mfupa. Alikwangua udongo mkavu wa juu, akafika penye unyevu, akalaza tumbo hapo na kutulia. Kuku wawili walikuwa wamesimama midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili, wanahema. Wengine walikuwa wanajirusharushia udongo manyoyani. Mchicha waliudonoa, tusidanganyane, lakini hawakuwa wamekuja kwa ajili yake. Uwanja mzima ulikuwa kikaango, nami nilikuwa nimetengeneza mahali pamoja tu penye ubaridi, kisha nikashangaa kila mwenye roho anapahamia.

Jioni ile ile nikachimba shimo jingine, chini ya mwembe, pana kiasi cha mbwa kujikunja humo na kina cha kiwiko. Nikajaza mchanga. Bata niliwawekea dumu lililokatwa ubavuni likawa kama mtumbwi, na kila adhuhuri yale maji yao yaliyochafuka, lita tano hivi, nikayamwaga kwenye mchanga ule. Siku ya kwanza Hayakuhusu aliunusa akaenda zake kwenye mchicha. Nikamshika ukosi nikamleta, nikamkalisha, nikakaa naye robo saa nikimkuna masikio. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe. Tangu hapo, ukimtafuta mchana yuko shimoni, kachomoza masikio tu.

Kuku niliwatengenezea upande wa pili, chini ya upenu, pahali pakavu penye mchanga mlaini uliochanganywa na jivu la jikoni. Wanaogea hapo mpaka wanakuwa wa kijivu, na chawa wamepungua kwa macho. Maji yao nikayatoa juani nikayaweka kwenye kipande cha mtungi uliovunjika, kwa sababu chombo cha udongo kinapoza maji na cha plastiki kinayachemsha. Chakula wanapata alfajiri na jioni, mchana wanaachwa wapumzike. Bado wako wawili watukutu wanaoruka uzio, na mmoja tulimla Jumapili moja, ingawa Mama anasema haikuwa adhabu, ni wageni walikuja.

Paka sikumweza kwa wema. Nilifunika kitalu kwa matawi ya mdimu yenye miiba, akaja, akaweka mguu, akautoa, akaniangalia kwa dharau na kuhamia kwenye migomba.

Kuhusu hao kuku lazima niseme jambo moja, maana lingeweza kuifuta habari yote hii. Mwaka mmoja kabla sijarudi, Mama alikuwa na kuku 23. Alinunua jogoo mnadani, akamchanganya na wenzake siku hiyo hiyo, na ndani ya wiki mbili wakabaki wawili. Walizubaa, wakaharisha kijani, wengine shingo zikapinda. Kideri. Dawa yake hakuna, kuna chanjo tu. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, kabla ya kupanda hata bamia nyingine, nilimfuata bwana mifugo wa kata. Chanjo ni tone moja jichoni kwa kila kuku, mkubwa na mdogo sawa, unarudia kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko tulio nao na kikishafunguliwa hakiwekwi, hivyo tulichangishana na nyumba nne za jirani. Tuliwachanja usiku, kwa tochi, wakiwa bado wamelala bandani, maana mchana wangetukimbiza mpaka Korogwe. Mtoto alishika tochi na kuhesabu. Bibi wa jirani alishika kuku na kuwatukana mmoja mmoja kwa jina. Na siku hiyo hiyo ya bwana mifugo nikauliza habari ya chanjo ya kichaa, Hayakuhusu akapata sindano yake, akalia kabla haijamgusa.

Alijilipia baadaye. Mwanzoni mwa Februari, ukame ulipokaza, kenge alikuja uani kunywa kwenye mtumbwi wa bata. Alipomaliza kunywa akaelekea kwenye kiota penye mayai 12 ya kuku anayeatamia. Hayakuhusu alitoka shimoni, mchanga unamdondoka tumboni, akabweka kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kenge alikimbilia kichakani, mkia unachapa majani. Yai moja tu lilipasuka, na hilo nililikanyaga mimi katika kuwahi.

Katikati ya Februari mchicha sokoni ulikuwa mchache na umekonda. Wetu ulikuwa umekomaa kwa mikupuo, kwa kuwa nilipanda kitanda kimoja kila wiki. Mama akaanza kuwauzia majirani fungu kwa shilingi 500. Fungu moja, dumu moja la maji. Fedha alifunga kwenye pindo la khanga, na kijana wa bodaboda alipokuja na madumu yake alilipwa kutoka pindoni humo. Sikuulizwa, na wala sikuuliza.

Masika yalianza usiku mmoja mwishoni mwa Machi. Asubuhi nilitoka nikakuta mtumbwi wa bata umefurika na bata wenyewe hawamo. Walikuwa wamejazana kwenye shimo la mchanga chini ya mwembe, limegeuka dimbwi, wanazamisha vichwa na kuvitoa. Hayakuhusu alikuwa amesimama ukingoni, kalowa, anawatazama. Akalizunguka mara mbili. Kisha akageuka, akapita penye tundu la uzio ambalo nilikuwa nimeacha kuliziba, akaenda kulala kwenye mchicha.