Aliyepona na Aliyezikwa

Somo: Mhubiri 9:11

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Agosti 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, Maarten van der Weijden wa Uholanzi alitwaa dhahabu ya kuogelea kilomita 10 katika maji ya wazi. Muda mrefu alijibanza ndani ya kundi, huku David Davies wa Uingereza akiongoza. Mwishoni kabisa akampita. Walikuwa majini karibu saa mbili, lakini kilichowatenganisha ni kama sekunde moja na nusu tu.

Mwaka 2001 kijana huyu alikutwa na saratani ya damu. Alipigwa dawa kali, akapandikizwa seli shina, zile chembe zinazotengeneza damu. Baada ya kushinda alieleza kwamba kitanda cha hospitali kilimfundisha kungoja, kwenda hatua kwa hatua, na kwamba subira hiyohiyo ndiyo iliyomweka ndani ya lile kundi hadi nafasi yake ilipofika.

Hapa wahubiri wengi tungepaza sauti: ameishinda saratani kwa moyo wa ushindi! Mwenyewe anakataa. Amesema hadharani kwamba alikuwa na bahati, na kwamba ni hatari kufundisha kuwa fikra njema ndizo zinazoponya, kwa sababu aliyekufa ataonekana hakujitahidi vya kutosha.

Neno "bahati" hutukereketa kanisani, najua. Lakini Mhubiri analitamka: "si wenye mbio washindao katika michezo, wala si walio hodari washindao vitani... lakini wakati na bahati huwapata wote." Mungu hapungukiwi na kitu tukiusoma mstari huu. Anayepungukiwa ni yule ndugu anayepima imani ya mgonjwa kwa majibu ya maabara.

Naliandika hili kwa uchungu. Nimeketi matangani nikasikia mjane akiulizwa kama mumewe "aliamini kweli" alipoombewa. Mama wa watu hajamaliza hata siku tatu! Wanafunzi nao walitafuta wa kulaumiwa kwa yule aliyezaliwa kipofu, na Bwana akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Tena Paulo, ambaye Mungu aliponya wengi kwa mikono yake, anaandika bila kuona haya kwamba alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hamshitaki Trofimo kwa kukosa imani. Hajishitaki mwenyewe pia.

Maarten aliyaelekeza maisha aliyobakiziwa kwa wagonjwa wenzake. Mwaka 2018 aliingia kwenye mifereji ya jimbo la Friesland, huko kwao Uholanzi, akitaka kuzunguka miji 11 kwa kuogelea. Baada ya kilomita 163 akatolewa majini akiwa mgonjwa. Juni 2019 alirudi, akakamilisha takriban kilomita 195 kwa siku kadhaa, na mamilioni ya euro yakachangwa kwa ajili ya utafiti wa saratani.

Wiki hii wapo watakaokwenda wodini. Ombeni uponyaji kwa ujasiri wote, tena msichoke kuomba. Ila msimhoji mgonjwa imani yake, wala msimdai ushuhuda. Mpelekeeni uji, na mumuulize anayemuuguza kama ana nauli ya kurudi nyumbani. Wagonjwa wa saratani ya damu mara nyingi huhitaji kuongezewa damu; wenye afya miongoni mwetu, twendeni tukachangie.