Asubuhi namba zilipotulia

Jana mwanangu aliniuliza simu inajuaje kwamba tumefika Mbagala. Nikaanza kumweleza habari za setilaiti, nikajikuta nimerudi kwenye lile pori la Kilwa, Mei 2, 2000, nikiwa kijana wa kumbebea vifaa mpimaji ardhi.

Siku iliyotangulia tulifyeka mpaka alasiri tukitafuta bikoni moja ya zamani, lile jiwe la kuonyesha mpaka. Kipokezi cha mkononi cha mawimbi ya setilaiti kilitufikisha karibu tu. Enzi zile jeshi la Marekani, lenye GPS, mfumo wa setilaiti za kuonyesha mahali, lilikuwa likivuruga kwa makusudi saa za setilaiti katika mawimbi ya raia, adui asije akalenga shabaha kwayo. Kifaa hupima umbali kwa muda ambao wimbi limesafiri kutoka setilaiti, hivyo saa ikipotoka kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka mita 300. Sisi tulizoea kosa la hadi mita 100. Ukikiweka kifaa juu ya jiwe, kikatulia tuli, namba bado zitazunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu.

Asubuhi ile nilikiweka juu ya bikoni tuliyoipata. Saa moja ilikuwa imepita kidogo, umande bado mzito. Namba zikatembea, zikatembea, halafu zikasimama. Tarakimu ya mwisho tu ndiyo iliyocheza.

"Mzee, imekwama."

Akakichukua, akakipiga kiganjani, akaenda hatua kadhaa kuelekea mnazini, macho kwenye kioo. Namba zikamfuata. Akarudi jiweni, nazo zikarudi. Akafanya hivyo tena. Kisha akavua kofia, akatazama juu.

"Kijana, kuna mtu kaachia."

Jioni redio ikatueleza: Rais Clinton ameamuru uvurugaji ule ukome usiku wa manane wa Washington, ndiyo saa moja asubuhi yetu. Waliotekeleza ni wanajeshi wa kituo cha Schriever, Colorado.

Bikoni zilizobaki tulizipata upesi, na nilifurahi kweli. Lakini usingizi haukuja. Tulikuwa tumefyeka pori zima kwa sababu ya uamuzi wa kijeshi uliofanywa mbali, na uamuzi mwingine wa huko huko ukatupumzisha, bila yeyote kuulizwa huku.

Mwaka 2007 Marekani ilitangaza kwamba setilaiti mpya za GPS hazitakuwa na uwezo huo tena. Leo kifaa changu kinapokea pia za Urusi, za China, na Galileo ya Ulaya inayosimamiwa na raia. Naziwasha zote. Hata hivyo, kila mpaka nasisitiza ufungwe kwa bikoni za zege. Wenzangu vijana wanasema huo ni woga wa kizamani. Huenda.