Nilivyochagua shule Kisumu tukiwa familia ya kuhamahama

Mume wangu alipata kazi katika Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao makuu hapa Kisumu. Mkataba ulikuwa wa miaka minne. Tarehe ya mwisho wa mkataba huo ndiyo iliyoongoza kila nilichofanya kuhusu shule. Mzazi asiyehama anaweza kuanza na swali la mtoto ataingiaje. Sisi tulipaswa kujua kwanza atatokaje, atakuwa na cheti gani mkononi, na cheti hicho kitapokelewa wapi.

Binti yetu alikuwa katikati ya kidato cha pili kule Mwanza, mdogo wake darasa la pili. Nilichukua karatasi nikaandika miaka, umri wa kila mtoto na mitihani itakayomkuta. Nilikuwa nikimtafutia yeye shule ya mfumo wa Cambridge wa Uingereza. Huko, masomo ya IGCSE, yaani cheti cha kimataifa cha sekondari, huchukua miaka miwili, Mwaka wa 10 na wa 11, na watahiniwa wengi hukaa kwenye mtihani Mei na Juni. Kumng'oa mtoto katikati ya miaka hiyo ni kumwumiza, maana shule anayokwenda huenda inafuata bodi nyingine, kwa mfano Pearson Edexcel, au inasoma somo lilelile kwa silabasi tofauti. Hesabu ilionyesha kwamba angeweza kumaliza IGCSE hapa kwa raha, lakini A Level, ngazi inayofuata IGCSE, ingebana mno. Kwa hiyo shule zilizokuwa zikinivutia kwa ufahari wa A Level na bwawa la kuogelea, sikuzipa muda mwingi.

Kabla ya kwenda shule yoyote nilitafuta jina lake kwenye tovuti ya Cambridge, ambako mzazi anaweza kuona shule zilizosajiliwa. Jambo hili wengi hawalijui: shule inaweza kufundisha kwa vitabu vya Cambridge bila yenyewe kuwa kituo cha mtihani. Wanafunzi wake basi huandikishwa mahali pengine kama watahiniwa wa kujitegemea. Mtoto anaweza kufaulu hata hivyo, lakini mzazi ana haki ya kuambiwa mapema. Katika shule moja niliomba namba ya kituo, msajili akaniambia, "Mama, hayo ni mambo ya ofisi ya mitihani, usijali." Nilimshukuru kwa muda wake, na shule hiyo nikaitoa kwenye orodha siku ileile.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni swali la maabara. Mtihani wa IGCSE wa Biolojia, Kemia na Fizikia unaipa shule uchaguzi katika sehemu ya vitendo: karatasi ya 5, ambapo mtahiniwa anafanya jaribio kwa mikono yake, au karatasi ya 6, ambapo anajibu kwa kuandika maswali kuhusu majaribio. Zote zina uzito uleule, asilimia 20 ya alama. Nilikuwa nauliza tu, "Ninyi mnafanya ya 5 au ya 6?" kisha nanyamaza nisikilize. Mahali pamoja aliyekuwa akinitembeza hakujua kuna tofauti. Kwenye shule tuliyoichagua mwishowe, mwalimu wa Kemia alijibu bila kusita: "Ya 6, dada. Vifaa havitoshi watahiniwa wote kwa wakati mmoja. Lakini maabara tunaingia kila wiki." Akaniletea daftari za wanafunzi. Niliona vipimo vya asidi na besi vilivyoandikwa, vikakatwa, vikaandikwa upya. Mtoto aliyenakili ubaoni hakati hivyo. Jibu lile la ukweli lilinipa imani kuliko maabara mpya iliyofungwa kwa kufuli niliyoonyeshwa kwingine kupitia dirishani.

Matokeo nayo yanahitaji kuulizwa vizuri. Shule ikisema asilimia mia wamefaulu, kumbuka kwamba madaraja ya IGCSE huanzia A* hadi G, na G pia ni daraja. Nilitaka kujua, kwa kila somo, wangapi walikaa kwenye mtihani na wangapi walipata C au zaidi. Kwetu Watanzania hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ni NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, inayotoa ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya nje, na binti akirudi nyumbani atahitaji cheti chake kilinganishwe na cha kidato cha nne.

Kuhusu walimu, niliuliza nani alifundisha Hisabati mwaka jana na mwaka uliotangulia. Majina matatu tofauti kwa darasa moja ni taarifa tosha. Pia sheria ya Kenya inamtaka kila mwalimu awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, hata akiwa wa shule binafsi, kwa hiyo si ufidhuli kuulizia usajili. Waliokasirika kuulizwa niliwaweka mwisho.

Baada ya mtihani wa kupima kiwango chake, shule ilisema binti aingie Mwaka wa 9. Yeye aliona anarudishwa nyuma, akanuna. Niliomba kuiona karatasi yake, nao wakaitoa. Hisabati ilikuwa safi, kilichomwangusha ni insha ndefu za Kiingereza. Nikairudia hesabu yangu: akianza Mwaka wa 9 Septemba, atamaliza IGCSE ndani ya miaka mitatu, na mwaka mmoja wa mkataba utabaki kama akiba. Tukakubali. Niliomba pia asome Kiswahili kama somo la IGCSE, kwani lipo kwenye orodha ya Cambridge, na shule ilikuwa na mwalimu. Jirani yetu Mrundi yeye alianza na Kifaransa, kwa sababu wanawe watarudi kusoma kwa lugha hiyo, na shule iliyotufaa sisi haikumfaa yeye.

Hapa ziwani malaria ipo mwaka mzima, basi nilikwenda mwenyewe kwenye chumba cha muuguzi. Nilitaka kuona kama wana kipimo cha haraka, nani anampigia mzazi simu, na mtoto mwenye homa anakaa wapi akisubiri. Basi la shule nilikagua mikanda tu. Viboko sikuhitaji kuvijadili sana: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imevipiga marufuku Kenya, ila niliuliza wanafanya nini vijana wakipigana, na nilipewa utaratibu ulioandikwa.

Ada ilikuwa ya mwisho kabisa. Hata kama mwajiri anatoa posho ya elimu, soma inalipia nini: dhamana (fedha shule inayoshikilia hadi mtoto aondoke), basi na ada ya mtihani mara nyingi huachiwa mzazi. Nilidai iandikwe kwenye barua kwamba tukitoa notisi ya muhula mmoja dhamana inarudi, na kwamba ripoti na rekodi za mtoto zitatolewa ndani ya muda uliotajwa. Mhasibu alisema hajawahi kuombwa hivyo, lakini mkuu wa shule alitia saini.

Mdogo wake hatukumpeleka huko. Watu walishangaa, na mama mkwe alipiga simu kuuliza kwa nini tunawabagua watoto. Nilimweleza hivi: "Mama, huyu ana miaka minane, hana mtihani wowote wa kumfunga kabla hatujarudi." Kenya ina miaka sita ya shule ya msingi, na sera ya Tanzania iliyotolewa 2023 nayo inaelekea kwenye sita. Mwaka wa masomo unaanza Januari pande zote mbili, na Kiswahili ni somo la lazima. Alipelekwa shule ya binafsi ya mtaala wa Kenya, karibu na nyumbani, kwa ada ndogo sana ukilinganisha, na anaongea Kijaluo na wenzake.

Gharama ya uamuzi huo ni likizo. Mara nyingi mmoja anapofunga, mwingine yuko darasani, na mimi ndiye ninayepanga nani abaki na nani. Agosti wote wako nyumbani, hivyo safari ya Mwanza kupitia Kisii, Migori na Sirari tunaifanya mwezi huo, na tiketi ya Desemba nilishaacha kuiulizia.