Siku tuliyomtafutia mdogo wangu nguo za kazini

Mdogo wangu alipopata kazi yake ya kwanza ya ofisini aliingia chumbani kwangu na simu mkononi, app ya nguo kashaifungua, kapu limejaa magauni, hereni, miwani, mkoba wenye mnyororo wa dhahabu, afu suruali ya kwendea kazini hamna hata moja. "Dada, hela ndo hii tu, ikiisha basi." Roho iliniuma kwakweli, maana nilijua alivyoisotea hiyo kazi.

Nkamwambia weka simu chini kwanza. Tukatoa nguo zake zote kabatini tukazimwaga kitandani, zinazofaa ofisini huku, zisizofaa kule, ndo tukaona kinachokosekana: suruali nyeusi, sketi ya magotini, blauzi za kuvaliwa na vyote viwili, viatu vya chini na mkanda. Tukaandika kwenye karatasi na kila kitu mwisho wa bei yake. Kisichokuwepo kwenye karatasi hakiingii kapuni, tukakubaliana hivyo.

Kupima ndo kulichukua muda na mi naona ndo kazi yenyewe. Tulichukua blauzi inayomkaa vizuri kuliko zote, tukaifunga vifungo, tukailaza, futi ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa ikasoma sentimita 48, kwahiyo mzunguko 96. Sasa hapo lazima usome jedwali la saizi vizuri, kuna maduka yanaandika vipimo vya mwili na mengine vipimo vya nguo yenyewe, ukichanganya unaletewa nguo ya kubana hata kupumua huwezi. Na M ya huyu sio M ya yule, halafu 12 ya Uingereza kwa Marekani kawaida ni 8. Miguu tuliichora jioni ikiwa imeshavimba kidogo, tukafuata ule mrefu zaidi, maana namba za viatu za Ulaya ukipanda 3 ni sentimita 2 nzima.

Tuliporudi kwenye app tukachuja kwa saizi na rangi, ila vurugu haziishi, saa nyekundu inahesabu dakika kurudi nyuma, "zimebaki chache", "wengi wanaiangalia". Mdogo wangu mkono ukawa unatetemeka. Hasira nilizokuwa nazo na zile saa, yani mtu ana hela ya mawazo afu unamkimbiza! Tukazima notifikesheni zote. Ikaja ile ya ongeza kidogo usafiri uwe bure, akataka kurudisha kapuni zile hereni tulizozitoa, tukapiga hesabu, hereni zenyewe zilikuwa ghali kuliko usafiri. Zikabaki hukohuko.

Kapu tukaliacha lilale. Asubuhi tukalipitia na karatasi, tukasoma masharti ya kurudisha, tukapiga picha skrini za maelezo na namba ya oda, ndo akalipa.

Mzigo ulipofika alijaribu kila kitu bila kukata lebo, suruali na vile viatu, blauzi na sketi, anatembea chumbani anakaa anainuka. Suruali ilizidi urefu kidogo ila kiunoni imekaa sawasawa, hatukuirudisha, akaipeleka kwa fundi ikakunjwa pindo, urefu sio tatizo, kiuno ndo kina kazi kukirekebisha.