Amri Moja, Fahamu Mbalimbali

Ndugu zangu katika imani, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafakari ya wiki hii imenijia ndani ya mashua, tukibisha, yaani tukienda kinyume cha upepo, kutoka Shela kurudi mjini Lamu. Nahodha alitamka neno moja tu, na papo hapo baharia mmoja alikuwa ameshalegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, wa pili yuko kwenye foromali, mti unaobeba tanga, na kijana wa tatu ameshahamia upande wa pili. Hawakuelezana lolote. Ndivyo ilivyo katika sala ya jamaa: imamu akiinuka kuiendea rakaa ya tano ya adhuhuri, maamuma husema «Subhanallah», naye huketi bila kuambiwa amekosea wapi.

Linalonishughulisha zaidi ni vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr, akawaamuru wasiondoke mpaka awatumie mjumbe. Maquraishi walipokimbia, wengi wao waliona kazi imekwisha wakaiendea ngawira. Abdullah aliwakumbusha amri, na wachache tu wakabaki naye, hata Khalid bin Walid, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu, akawazunguka kwa nyuma na wapanda farasi wake. Tumezoea kuhutubiwa kwamba walishindwa na tamaa, na ni kweli, kwani Qur'ani (3:152) inawataja waliotaka dunia; ila aya hiyo hiyo imetanguliza kuzozana kwao juu ya amri. Waliisikia wote kwa sikio moja, wakatofautiana ni lini inakoma.

Jambo hili limepimwa hata na wataalamu. Mwaka 2000 John Mathieu na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa jozi 56 za wanafunzi waliorusha ndege za kivita za kuigiza kwenye kompyuta. Jozi ambazo wenzi wawili walifanana katika kuifahamu kazi na kufahamu namna ya kushirikiana ndizo zilizofanya vyema zaidi, kwa kuwa zilisaidiana vizuri zaidi kazini.

Juzi, katika kamati yetu ya kupokea wageni wa Maulidi, sote tuliitikia «inshallah» kwamba tutakutana gatini baada ya alasiri. Nilipomwomba kila mmoja aseme alivyofahamu, wa kwanza alikusudia mara tu baada ya salamu, wa pili jua likipoa, nami niliyetoa tangazo nilikuwa nangoja nyiradi, zile dhikri za baada ya sala, zimalizike.